Viti vya Chumba cha Pasi

6 Februari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na magoti yako yameacha ule mgomo wao wa siku za baridi. Sisi huku hatujambo. Mkwe wako bado anapigana na pikipiki yake: siku ikiwaka hana safari, akiwa na safari haiwaki. Mdogo wangu Kitinda hajambo, anakusalimu. Mimi mwenyewe mzima, ila tangu mwezi uliopita harufu ya chai inanikera. Nadhani majani ya siku hizi yanachanganywa na vumbi.

Najua umesema simu yako ni ya taarifa za misiba tu, na kwamba jambo la kufikiri liandikwe. Basi naandika, maana nina jambo.

Unajua kwamba tangu mwaka jana mimi ni msimamizi wa wafanyakazi hapa kwenye kampuni ya udobi. Tunafua mashuka ya hoteli na ya hospitali. Wanawake wengi wako chumba cha pasi. Wiki iliyopita muuguzi wa kliniki ya jirani alikuja ofisini akasema watoto wanaozaliwa na wanawake wetu ni wadogo mno, wengi hawafiki kilo mbili na nusu. Akauliza, "Hawa mnawafanya nini humu ndani?" Mwenye kampuni, ambaye wafanyakazi humwita Mzee Povu akiwa hayupo, alikasirika. Akasema, "Mimi nafua mashuka, sizalishi watoto. Hawa wana mbegu ndogo, na kula hawajui. Waelimishwe."

Nikakukumbuka wewe, uliyefundisha wakunga mpaka wakunga wakafundisha wengine. Tafadhali tuandikie ukurasa mmoja: mama mjamzito afanye nini ili mtoto azaliwe na uzito mzuri. Uwe mwepesi kusoma. Na usiyaguse sana mambo ya kazi, maana Mzee Povu hupanda mori upesi.

Mwanao,
Kalamu


19 Februari

Mwanangu Kalamu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na doa la mafuta, kwa hiyo najua kule posta wanakula vizuri. Mimi mzima. Magoti yanafanya kazi kwa zamu, leo la kushoto, kesho la kulia. Jirani yangu fundi cherehani amepata mjukuu, na kelele zake zinanifaa kuliko redio.

Nimekuandikia huo ukurasa, una mambo saba. Lakini unanijua, siwezi kutoa dawa bila kueleza ugonjwa, kwa hiyo vumilia.

Mtoto aliye tumboni ni mgeni asiyeweza kwenda jikoni. Kila anachokula analetewa na damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Sasa damu hiyo hiyo inatakiwa na miguu iliyosimama kutwa, na inatakiwa na ngozi inayotoa jasho kwenye joto. Mama asipokula, asipokunywa, asipopumzika, mgeni wetu anapata makombo. Anazaliwa amekondeana, na huo mwanzo mbaya unaweza kumfuata: maradhi humpata upesi, na wengine hawamalizi hata mwezi. Ndiyo maana tunapima. Ile mizani ya chumba cha uzazi haimpimi mtoto peke yake. Inapima pia mama alikula nini, alilala wapi, alifanya kazi gani, na nani alimwonea huruma.

Sisemi sababu ni moja. Ipo malaria, ipo presha, upungufu wa damu, mimba za kufuatana, mapacha. Mama mwenye umbo dogo naye anaweza kuzaa mtoto mdogo aliye mzima kabisa. Lakini hilo neno la "mbegu ndogo" ni la mtu anayetafuta pa kufichia mikono yake. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Katika miaka yangu ya kazi nilijifunza hivi: mmoja akizaa mtoto mdogo, namtazama mama. Wakizaa hivyo wengi wa chumba kimoja, nakitazama chumba.

Kwa hiyo naomba unijibu. Hao wanawake wanafanya kazi wamekaa au wamesimama? Wakibanwa wanaruhusiwa kwenda chooni? Chakula cha mchana wanakula wakati gani?

Na hiyo chai, je, imeharibika kwa mkwe wangu pia, au kwako peke yako? Siulizi zaidi.

Shangazi yako


30 Machi

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenielemea. Mkwe wako ameuza pikipiki kwa mtu asiyemjua, maana anayemjua asingeinunua. Kitinda hajambo. Mume wake bado anatafuta kazi ya ujenzi, anapata siku mbili, anakosa wiki.

Ukurasa wako umempendeza kila mtu. Mzee Povu ameuchapisha kwa herufi kubwa na kuubandika ukutani chumba cha pasi. Nimekuwekea humu picha ujionee mwenyewe. Cheo chako wamekiandika chini, "Mkunga Mkuu Mstaafu", ili uwe na uzito.

Zaidi ya hapo, ameanzisha Zawadi ya Mtoto Mnono. Mwezi wa nane, mfanyakazi ambaye mtoto wake alizaliwa na uzito kuwashinda wote atapewa zawadi mbele ya wageni. Anasema hiyo itawapa ari.

Maswali yako nitayajibu nikitulia. Chai nimeacha kunywa.

Mwanao,
Kalamu


11 Aprili

Kalamu,

Marahaba. Mimi mzima, jirani mzima, mjukuu ana meno mawili na anayatumia vibaya.

Nimeiweka picha yako mezani, nikachukua ile lenzi ninayosomea maandishi ya dawa. Niliandika mambo saba. Ukutani yako manne. Mama ale mayai, maharage, mboga na matunda. Anywe maji mengi. Apumzike na kupata usingizi wa kutosha. Ahudhurie kliniki bila kukosa. Basi. Yale matatu yaliyosema mama akae anapofanya kazi, asibebe mizigo, na mwajiri ampe ruhusa ya kula na ya kwenda kliniki, yamekatwa kama unavyokata kucha. Kisha wakabandika cheo changu chini ya mabaki.

Siku hiyo hiyo nilimwandikia yule muuguzi wa kliniki, maana wewe umegeuka bubu wa kuandika. Amenijibu kwa ukurasa mmoja tu, na sikuhitaji wa pili. Chakula cha mchana hupewa aliyemaliza rundo lake la mashuka. Chooni ni mara mbili kwa zamu. Siku ya kliniki huhesabiwa utoro. Kiti hakuna hata kimoja.

Sasa tazama mlichonifanyia. Mmeniweka ukutani nimwambie mwanamke anywe maji mengi, na msimamizi amemfungia choo. Mmeniweka nimwambie asikose kliniki, na akienda anakatwa. Nimwambie ale mayai, na hata kile chakula cha mchana anakikimbilia kama farasi wa mashindano. Kila ushauri niliotoa, nyumba hiyo ina sheria ya kuukataza. Nimeishika picha hiyo nikaona kinyaa, kama mtu aliyekuta nywele mdomoni.

Halafu nikasogeza lenzi. Chini ya hilo bango wamesimama wanawake watano. Wa nne kutoka mlangoni ameegemea mguu wa kulia na kuukunja wa kushoto, kama alivyokuwa akisimama marehemu kaka yangu akisubiri maji yachemke. Tumbo lake limekwishatangulia mbele, miezi sita hivi. Kalamu, huyo ni Kitinda. Mara mbili umeniandikia kwamba Kitinda hajambo. Hukuniambia hajambo akiwa wapi.

Nieleze.

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima. Barua yako niliisoma, nikaificha kabatini, kisha nikaitoa nikaisoma tena.

Ni kweli. Mume wa Kitinda alipokosa kazi, nilimwingiza chumba cha pasi. Lakini kampuni ina sheria: ndugu wawili hawaajiriwi pamoja, eti watafichiana makosa. Kwa hiyo nilisema simjui. Tulipatana hivyo, yeye na mimi. Ndani ya geti ananiita Madamu, nami namwita kwa namba ya pasi yake. Tukikutana kwenye korido tunapishana kama magari. Jioni anakuja kwangu tunacheka. Zamani tulicheka zaidi.

Najua utataka nimpe kiti. Nikimpa yeye, watauliza kwa nini yeye, na hapo undugu utajulikana, sote wawili tutoke. Nikiomba viti vya wote, Mzee Povu ataniuliza tangu lini mimi ni chama cha wafanyakazi. Niliwahi kumgusia. Akasema, "Pasi haipigwi ukiwa umekaa. Ukikaa unasinzia, ukisinzia unaunguza shuka." Nikinyamaza, nyumba mbili zinakula. Na yale mambo matatu, ndiyo, niliyakata mimi. Ningempelekea yote saba, asingebandika hata moja.

Na kwa kuwa hufichwi kitu, mimi pia ni mjamzito, miezi saba. Tumepishana na Kitinda siku chache. Ofisini wamenipa feni na kigoda cha kuwekea miguu.

Kalamu


15 Mei

Kalamu,

Salamu nimeziacha mlangoni, nitazileta siku nyingine.

Nimekaa na barua yako siku nzima nikitafuta mahali pa kukuhurumia. Nimepapata, padogo: mnaogopa njaa, na njaa si kitu cha kuchezea. Lakini nitakueleza ninachokiona, maana kueleza ndiyo kazi niliyobakiwa nayo.

Naona matumbo mawili yaliyotoka tumbo moja. Mlinyonya ziwa moja, mkalala kitanda kimoja, mkaugua surua wiki moja. Kama kuna mbegu, ni hiyo hiyo. Sasa mmoja ana kigoda cha miguu na mwingine hana pa kuegemeza mgongo, na mwenye kigoda ndiye anayemwita mwenzake kwa namba. Mzee Povu namjua ingawa sijamwona; watu wa namna yake nimewazoea kama harufu ya jiki. Wewe ndiye unayenichefua, kwa sababu wewe nilikufundisha kusoma.

Usimpe kiti, basi. Mpe kazi ya kukunja foronya, hiyo inafanywa mtu akiwa amekaa. Mpe ya kuhesabu taulo. Mwite ofisini kila saa alete kitu kisicho na haja, akifika mwambie akae asubiri. Mwenye akili kama yako, iliyopunguza mambo saba yakawa manne, haishindwi kuongeza pumziko moja.

Muda uliobaki ndio muda ambao mtoto huongeza nyama. Ukipita, umepita.

Shangazi


9 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimejifungua mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Analia kama mlango usiotiwa mafuta. Baba yake anamtazama kama alivyokuwa akiitazama pikipiki, haamini kwamba imewaka.

Kitinda amejifungua baada yangu. Wa kiume. Alizaliwa kwa wakati wake, mimba ilikuwa imetimia, lakini ana kilo moja na gramu mia tisa. Nimemwona. Ngozi ya mapaja yake imelegea kama soksi ya mtu mwingine. Daktari anasema mapafu ni mazima, ila ni mdogo, na wanamwangalia.

Ile kazi ya foronya sikumpa. Nilingoja mtu mwingine wa pasi aombe kwanza, ili nimweke Kitinda pamoja naye isionekane. Hakuna aliyeomba. Kisha nikaenda likizo ya uzazi, naye akabaki amesimama. Uchungu ulimshika akiwa ameshika pasi, akamalizia shuka alilokuwa nalo.

Nilimwuliza Kitinda, "Umenikasirikia?" Akajibu, "Nikukasirikie saa ngapi, Madamu?" Tulikuwa hospitalini, Shangazi, si kazini.

Tafadhali, niambie tumfanyie nini mtoto.

Kalamu


20 Julai

Kalamu,

Marahaba. Hongera ya binti yako nitamletea mwenyewe, yeye hana kosa.

Mpelekee Kitinda haya, neno kwa neno, usikate. Mtoto awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, nguo juu ya wote wawili, usiku na mchana. Mama akichoka, baba afungue shati. Kifua cha fundi ujenzi kina joto kama kifua chochote. Anyonye mara kwa mara, hata kama hajalia, maana mtoto mdogo hulala na njaa yake. Akishindwa kunyonya, maziwa yakamuliwe anyweshwe kwa kikombe kidogo. Asipewe maji, asipewe uji, asiogeshwe kwa haraka ya kumwonyesha wageni. Akiwa baridi, akikataa kunyonya au akipumua kwa shida, warudi hospitali hapo hapo. Wengi wa namna hii nimewaona wakikua wakawa mabaunsa.

Na Kitinda ale. Usimwambie ale, mpikie.

Kuna jambo moja sikuelewa. Umesema zawadi ya Mtoto Mnono inatolewa mwezi wa nane. Watoto wa mwaka huu nawajua wawili. Mkubwa wao ni nani?

Shangazi yako


28 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto wa Kitinda amefika kilo mbili na gramu mia nane. Baba yake hutembea naye mtaani ndani ya shati, watoto wanamwita Kangaruu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo zuri.

Sasa hilo lako. Mkubwa wao ni binti yangu. Waliniletea habari kwamba nimeshinda. Nilikwenda, Shangazi. Nilijiambia naenda kwa sababu nikikataa wataniuliza sababu.

Sherehe ilifanyika uwanja wa kupakia mizigo. Kulikuwa na viti, vya kukodi, vyeupe, vyenye vitambaa. Vya wageni. Wenye hoteli walikaa, mpiga picha alikaa, hata dereva wa wenye hoteli alikaa. Wafanyakazi walisimama nyuma, na waliojifungua walisimama na watoto wao. Kitinda alikuwa kati yao, mtoto kifuani.

Pale mbele waliweka mizani. Niliijua. Ni ile ya mlango wa nyuma, tunayopimia marobota ya mashuka machafu yakitoka hospitali, yakiwa na damu na kila kitu. Walikuwa wameifuta kwa kitambaa. Mzee Povu akasema kwenye kipaza sauti, "Mama, mweke bingwa wetu hapa tumpige picha."

Nikasema, "Hapana, hii siyo ya watoto."

Akacheka, akageukia wageni. "Msimamizi wangu ni msafi mno. Haya, Mama, waambie wenzako siri. Ulikula nini?"

Nilikuwa nimeandaa kusema mayai na mboga. Nikamwona Kitinda ameegemea mguu wa kulia. Nikasema, "Siri yangu ni kiti."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Nikasema, "Nilikaa kwenye kiti miezi yote, nikawekewa na feni. Yule pale, wa pasi ya nne, ni mdogo wangu. Mama yetu mmoja, baba mmoja. Yeye alisimama mpaka uchungu ukamshika. Wangu alizaliwa na kilo tatu na nusu. Wake hata mbili hakufika. Mbegu ni moja, mabwana."

Mzee Povu akasema, bila hata kukiondoa kipaza sauti mdomoni, "Kumbe nyinyi ni ndugu?"

Shangazi, katika yote niliyosema, alisikia hilo tu.

Kesho yake asubuhi tulifukuzwa wote wawili, kwa sheria ya ndugu. Taulo la zawadi alinitumia nyumbani, limedariziwa "Mtoto Mnono". Nimelifanya dekio.

Tukitoka getini Kitinda aliniambia, "Dada, ulichelewa." Kisha akanipa mtoto wake nimbebe, akafunga kiatu. Sijui kama amenisamehe au mikono yake ilikuwa imechoka.

Kalamu


8 Septemba

Mwanangu Kalamu,

Marahaba, na salamu zile za mwezi wa tano nimeziingiza ndani.

Nimesoma habari ya mizani mara mbili, na mara zote mbili nilisukuma sahani. Nimeona uchafu mwingi katika kazi yangu. Uchafu wa kuzaa ni safi, unaoshwa kwa maji. Huu wa kumweka mtoto mchanga palipowekwa mashuka ya wagonjwa ili mtu apigwe picha akicheka, sijui unaoshwa kwa nini.

Hotuba yako ilikuwa nzuri, lakini kama mwalimu sina budi kuisahihisha. Siri haikuwa kiti peke yake. Ungemweka Kitinda kwenye kiti na kumwacha na njaa, na kiu, na hofu ya kukatwa akienda kliniki, na mume asiye na kazi, bado mtoto angekuwa na dhiki. Kuna wanaokaa kutwa nzima na watoto wao ni wadogo. Umaskini haukai mahali pamoja ili uupige hapo ufe. Ila kiti kilikuwa kitu rahisi kuliko vyote, na hata hicho alinyimwa. Hilo ndilo ulilolionyesha, na ni kweli.

Na Kitinda amesema kweli pia, ulichelewa. Usimwombe akupunguzie.

Kule chumba cha pasi kunaendaje?

Shangazi yako


14 Oktoba

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Mtoto wa Kitinda amepita kilo nne na ameanza kucheka na dari. Sisi wawili tunafua nguo za majirani uani kwangu, tumekalia vigoda. Kazi haitoshi, lakini tunaitana kwa majina yetu.

Umeuliza habari za chumba cha pasi. Siku tuliyofukuzwa, wale wanawake hawakugoma wala hawakupiga kelele. Walivuta marobota ya mashuka yaliyofuliwa wakayakalia. Aliyechoka alikaa, aliyepumzika alisimama. Msimamizi mpya alipofoka, mkubwa wao kwa umri alimwambia, "Mwanangu, tunasoma bango. Limesema tupumzike." Mzee Povu hakuweza kuwafukuza wote, hoteli zilikuwa zimejaa wageni.

Lakini shuka likikaliwa linajikunja, na makunyanzi ya robota lililokaliwa hayatoki hata kwa mvuke. Hoteli kubwa ikarudisha mzigo mzima, na barua kali juu yake. Wiki iliyofuata viti vikaletwa, kila pasi kiti chake.

Siku hiyo hiyo wakabandika picha mpya ukutani: Mzee Povu ameketi kwenye kimoja cha viti hivyo, chini yake maneno "Tunamjali mama na mtoto". Cheo chako bado kipo pale pembeni.

Nilitaka nifurahi, Shangazi. Nimeshindwa kujua kwa nini sifurahi.

Kalamu


25 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Nitakueleza kwa nini, halafu nitafunga barua.

Kwa miaka mingi wamezaliwa humo watoto waliokondeana, wengine wamezikwa bila hata kupewa jina, na hakuna aliyeleta kigoda. Muuguzi alikuja na hesabu zake, akapewa bango. Wewe ulisimama na ndugu yako mbele ya watu, ukapewa barua ya kufukuzwa. Kisha shuka likajikunja, vikaja viti. Ndiyo maana hufurahi. Umejua sasa ni kitu gani humo ndani kina mama wa kukililia.

Viti ni vizuri, na wenye mimba sasa wavikalie bila kuuliza vilikotoka. Mimi nimevifurahia viti, na sababu yake imenichefua, na yote mawili nimeyameza kwa glasi moja ya maji. Mwandikie yule muuguzi aendelee kupima na kuandika. Choo na chakula bado. Na mmoja wa wale wanawake akiwa na wembe, aniondolee cheo changu ukutani.

Sijakusamehe yote, Kalamu. Nimekusamehe kiasi cha kukupikia. Njooni mwezi ujao, wewe na Kitinda na watoto, na wanaume wenu kama hawataleta pikipiki. Meza yangu ina viti sita, na miaka hii yote nimekuwa nikikalia kimoja. Kitinda akiingia, awe wa kwanza kuchagua.

Shangazi yenu